Komandi ya df imeganda kwenye Linux? Tutafute inachosubiri

Haya wadau, karibuni. Niko kwenye seva ya Ubuntu, nimeingia kutoka mbali kwa SSH, naandika `df -h` nataka tu kujua diski imebakiza nafasi kiasi gani, nabonyeza Enter... na mnaona wenyewe hapo kwenye skrini, kimya. Hakuna jibu, hakuna kosa lolote lililoandikwa. Nabonyeza Ctrl+C, wapi. Sasa hapa wengi wanakimbilia kuizima mashine na kuiwasha upya, na nawaomba sana tusianzie huko, maana komandi ikiganda hivi mara nyingi kuna kitu inakisubiri, na Linux itakwambia ni kitu gani ukijua pa kuiuliza.

Kwanza tuondoe mambo mepesi. Inawezekana umegusa Ctrl+S bila kujua, hiyo inasimamisha teminali isionyeshe kitu, bonyeza Ctrl+Q itaendelea. Au umeandika `cat` au `grep` ukasahau jina la faili, hapo inakusubiri wewe uandike, toka kwa Ctrl+C. Kwa `df` siyo hayo, tusonge.

Hili dirisha liache kama lilivyo, fungua teminali nyingine, ingia tena kwenye seva, halafu andika:

`ps -C df -o pid,stat,wchan:32,cmd`

Mimi nimepata hivi:

`2481 D+ rpc_wait_bit_killable df -h`

Tulia na huo mstari kidogo, una mambo mengi. Angalia safu ya STAT. Ukikuta S prosesi (yaani programu inayoendeshwa) imelala kawaida, inasubiri kitu na ukiiita inaamka. R maana yake inakula CPU, pengine imeingia kwenye mzunguko usioisha. T imesimamishwa, labda ulibonyeza Ctrl+Z, andika `fg` irudi. Hii yetu ni D, yaani imezama ndani ya keneli (kiini cha Linux) inasubiri diski au mtandao na haitaki kusumbuliwa, ndiyo maana Ctrl+C haikufua dafu. Halafu safu ya WCHAN inakuonyesha ni sehemu gani ya keneli imelala, na ukiona herufi rpc mwanzoni hapo, akili yako iende moja kwa moja kwenye NFS, ile njia ya kumaunti, yaani kuunganisha kwenye mashine yako, folda ya seva nyingine kupitia mtandao.

Na kwa nini `df` inaathirika wakati unataka habari za diski yako tu? Kwa sababu `df` inapita kila kilichomauntiwa, kimoja kimoja, inauliza ukubwa na nafasi. Ikifika kwenye folda ya NFS ambayo seva yake haijibu, inasimama hapo hapo, na NFS kwa kawaida inamauntiwa kwa mtindo wa hard, maana yake keneli itarudia kuuliza bila kukata tamaa hadi seva irudi. Ukitaka habari za diski za humu ndani tu, `df -hl` inaziruka za mtandao.

Haya, tujue ni folda ipi. Andika:

`grep nfs /proc/mounts`

Faili hii unaisoma bila wasiwasi, haiendi kuigusa seva ya mbali. Ila tafadhali usiende kuandika `ls -l /mnt` au kubonyeza Tab ili ikumalizie njia ya hiyo folda, maana hiyo teminali nayo itaganda na utajikuta na mbili zimekufa. `lsof`, ile ya kuorodhesha faili zilizofunguliwa, pia inaweza kunasa hapo hapo.

Kama maunti ni nyingi na hujui ipi ndiyo mbaya, tumia strace, inayoandika kila ombi ambalo programu inalipeleka kwa keneli, lakini usiibandike kwenye prosesi iliyokwama kwa `strace -p`, prosesi iliyo kwenye D haitembei kwahiyo hutaona kitu. Anzisha `df` mpya nyuma ya pazia:

`strace -o /tmp/df.log df > /dev/null &`

Subiri kidogo halafu `tail -n 1 /tmp/df.log`. Mstari wa mwisho umekatika katikati, haujafungwa, na ndani yake kuna njia: `/mnt/bekapu`. Ndiyo hiyo tuliyokuwa tunaitafuta.

Sasa seva yenyewe. Kwenye /proc/mounts nimeona ni 192.168.1.20, kwahiyo napiga `ping` kwanza, halafu naijaribu poti ya NFS: `nc -zv -w 5 192.168.1.20 2049`. Ping ikijibu lakini poti ikagoma, ama huduma ya NFS imezimwa huko ama fayawoli inazuia. Vyote vikigoma, seva imelala au mtandao umekatika. Ukiweza kuirudisha seva, fanya hivyo kwanza, ndiyo dawa bora kuliko zote, maana ikirudi tu zile komandi zote zilizokwama kwa kawaida zinaendelea zenyewe zilipoishia na data haipotei.

Seva hairudi leo? Basi `sudo umount -f /mnt/bekapu`, na ikikataa `sudo umount -l /mnt/bekapu`. Ile ya l inaiondoa folda machoni pa mfumo mara moja na usafi unamaliziwa baadaye, lakini kama kuna programu ilikuwa inaandika humo, hayo maandishi yako hatarini, kwahiyo jua nani anaitumia kabla hujabonyeza. Halafu ile `df` ya zamani iue: `sudo kill -9 2481`, weka namba ya prosesi yako. Tangu keneli 2.6.25 NFS inakubali kukatizwa kwa -9, na ile killable mliyoiona kwenye WCHAN ndiyo hiyo. Ikiwa D na hata -9 haiing'oi, angalia ujumbe wa keneli kwa `sudo dmesg -T | tail -n 30`, ukikuta "blocked for more than 120 seconds" na majina ya diski badala ya nfs, shida ni diski, na hapo bekapu kwanza.

Kupunguza uwezekano wa kujirudia, fungua /etc/fstab, faili la orodha ya maunti, kwenye mstari wa hiyo maunti ongeza `nofail,_netdev,x-systemd.automount`. Watu watakwambia weka na soft ili isigande tena, mimi nasema weka soft kwenye folda ya kusoma tu, kwa sababu muda ukiisha soft inairudishia programu kosa, na programu isiyokagua makosa inaweza kukuachia faili nusu nusu bila kukwambia. Database na bekapu zibaki hard. Ukiweka soft, kumbuka timeo, yaani muda wa kusubiri jibu, inahesabiwa kwa sehemu za kumi za sekunde, `timeo=100` ni sekunde 10.

Rudia `df -h`, hiyo, imejibu. Andika na `uptime`: prosesi za D zinahesabiwa kwenye load (kipimo cha mzigo wa mashine) hata kama CPU haifanyi kitu, kwahiyo namba ya kwanza itaanza kushuka, ile ya tatu ni ya dakika 15, ipe muda.