Usinisubiri Nikuletee Laptopu, Nunua Hapa Hapa Moshi

Shikamooni wakubwa zangu, na wadogo zangu habari za leo. Leo siko Hamburg. Niko Kibosho kwa mama, nimekaa barazani, migomba hiyo mnaiona nyuma yangu, na mlima umejifunika tangu asubuhi. Ni Desemba, na Desemba ya huku mnaijua: kila mwenye kwao karudi, magari yamejaa njia nzima ya kupanda, na sisi tuliotoka Ulaya tumeshuka KIA na mabegi ambayo nusu ya vilivyomo ni oda za watu.

Oda inayoongoza kila mwaka ni hii: "Dada, niletee laptopu." Mwaka huu nimezikataa zote. Kuna walionuna, na ni watu ninaowapenda, kwa hiyo naomba mnisikilize hadi mwisho.

Miaka mitatu iliyopita nilimletea mdogo wangu laptopu mpya kabisa. Niliinunua Ujerumani kwenye duka kubwa, ilikuwa imepunguzwa bei, nyembamba, ya kijivu, nailoni bado iko kwenye kioo. Ilikuwa na prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, aina ya Celeron ya bei ya chini, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4 na hifadhi ya GB 64. Mdogo wangu anatunza hesabu za kikoba cha akina mama, na watoto wake wawili wanafanyia humo mitihani iliyopita. Haukupita mwezi wa tano Windows ikataka kujisasisha, nafasi hakuna. Akafuta picha, nafasi hakuna. Akafuta na video za ubatizo, bado. Akaipeleka kwa fundi mjini. Fundi akaifungua, akamwonyesha: hifadhi yenyewe ni kidude kimechomelewa kwenye bodi, RAM nayo imechomelewa. Hakuna cha kuchomoa wala cha kuongeza.

Halafu kibodi. Kibodi za Kijerumani zimebadilishana herufi mbili, Z imekaa mahali pa Y na Y mahali pa Z. Sasa Kiswahili chetu bila Z na Y kinakwenda wapi? Mtu aliyezoea kuandika bila kuangalia vidole akiandika "kazi yangu", kinachotoka ni "kayi zangu". Mdogo wangu alituma barua ya kuomba kazi ikiwa na neno hilo kwenye mstari wa kwanza. Aliponieleza roho iliniuma, maana zawadi ile niliitoa kwa upendo na yeye ndiye aliyeumia.

Kwa hiyo safari hii nimekuja na hela, laptopu nimeacha hukohuko. Jumanne tumeshuka mjini yeye na mimi, tukazunguka maduka matatu kati ya Mnara wa Saa na Double Road, na tumerudi na mashine ambayo kwa matumizi ya nyumbani inaipita mbali ile ya mwanzo. Ni mtumba. Tumelipa laki sita na nusu.

Najua neno mtumba linawashtua wengine. Lakini wewe uliyewahi kuchagua koti pale soko la mitumba la Memorial, unafanyaje? Unaligeuza ndani, unaangalia mshono, unavuta zipu, unanusa kwapa. Koti la mtumba lililoshonwa vizuri linavaliwa miaka kumi, na jipya la bei rahisi linachanika msimu mmoja. Kompyuta ni hivyohivyo. Makampuni ya Ulaya hukodi au hununua kompyuta nzuri za kazi, wanazitumia miaka mitatu, minne, wanazitoa zote kwa mkupuo na kuleta nyingine. Hizo zinazotolewa ndizo Dell Latitude, HP EliteBook na Lenovo ThinkPad mnazoziona madukani. Zilitengenezwa zibebwe kila siku na zifunguliwe na fundi. Bawaba zake ni ngumu, kibodi yake inahimili, na nyingi unaweza kuongeza RAM na kubadilisha diski.

Sasa tuje kwenye namba, na hapa naomba mchukue kalamu. Muuzaji atakwambia "hii ni i5", yaani aina ya prosesa ya Intel, kana kwamba amemaliza. Hajamaliza. i5 zipo za miaka mingi sana. Angalia namba inayofuata. i5-6300U, tarakimu ya kwanza ni 6, hicho ni kizazi cha 6. i5-8350U ni kizazi cha 8. Ukiona i5-10210U, hapo soma tarakimu mbili, ni kizazi cha 10. Kwa laptopu za aina hii, zenye U mwishoni, kizazi cha 6 na cha 7 i5 zake zina viini viwili vya kufanyia kazi, na cha 8 zina vinne. Hilo utalihisi siku mtoto amefungua somo la video, wewe una Excel, na WhatsApp iko pembeni.

Kizazi cha 8 kina faida nyingine: ndipo Windows 11 inapoanzia kukubali rasmi kwa prosesa za Intel. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kuna mafundi wanaoilazimisha Windows 11 iingie kwenye mashine za zamani, na inaingia, lakini Microsoft haikuhakikishii kwamba masasisho yataendelea kuja. Kwa nini ulipe hela yako leo kwa kitu cha kulazimisha?

Na usiamini jina lililoandikwa juu ya mashine. Latitude 7480 na 7490 ukiziweka meza moja ni mapacha. Ya kwanza ni kizazi cha 6 au cha 7, ya pili kwa kawaida ni cha 8, lakini zipo 7490 zilizotoka kiwandani na prosesa ya kizazi cha 7. Duka la pili tuliloingia Jumanne nusura tuchukue moja ya hizo. Muuzaji hakuwa mwongo, hata yeye hakujua. Washa mashine, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda sehemu ya utendaji. Hapo utaona prosesa kwa jina lake kamili, RAM ni kiasi gani na imechukua matundu mangapi ya kuiwekea, na kama diski ni SSD, ile ya haraka isiyozunguka, au ni HDD ya kuzunguka. Chukua SSD, hilo halina mjadala. RAM anzia GB 8. Hifadhi GB 256 inamtosha mtu wa nyumbani.

Ile tuliyonunua tuliikagua karibu saa nzima, na yule kijana wa dukani alikuwa mvumilivu, Mungu ambariki. Mdogo wangu aliishika kona moja akainyanyua, akasikiliza kama kuna mlio wa plastiki iliyopasuka. Akafungua kioo kwa kidole kimoja, akakiacha katikati aone kama kitaanguka. Kikabaki palepale. Akaweka ukurasa mweupe kioo kizima, akatafuta madoa, tukaona kimoja kidogo sana chini kushoto, tukakikubali baada ya kupunguziwa elfu ishirini. Akaandika herufi zote, akarudia Z na Y mara tatu. Akapiga wimbo wa kwaya kusikiliza spika. Akachomeka flashi kila tundu. Akapiga simu ya video kwa mama, mama akasema "nakuona, ila umekonda", basi kamera na maiki vikawa vimepita.

Betri ndiko watu wanakoumia. Kuna amri moja, iandikeni: fungua lile dirisha la amri (Command Prompt), andika powercfg, acha nafasi, kisha /batteryreport, bonyeza Enter. Itatengeneza ukurasa na kukuonyesha ulipohifadhiwa. Tafuta namba mbili: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na uwezo wake wa sasa ikijaa. Yetu ilizaliwa na 60,000, sasa inajaa hadi 43,000 na kidogo. Hiyo ni zaidi ya asilimia 70, kwa mtumba ni nzuri. Ingekuwa imeshuka chini ya nusu ningedai bei ya betri nyingine iondolewe hapohapo. Na huku kwetu umeme unakatika, betri si pambo. Ikiwa mashine inakubali chaja ya USB-C, afadhali zaidi, maana siku chaja ikifa unapata nyingine kwa urahisi.

Waya wa kutoka kwenye chaja hadi ukutani mara nyingi ni wa pini mbili za mviringo. Waya huo unachomoka kwenye chaja. Nunua wa pini tatu wa huku, ile adapta inayocheza ukutani inaunguza. Kisha pitisha umeme kwenye kilinda umeme, kile mlichofunga kwenye friji. Mama aliogopa LUKU: chaja ya wati 65 hata ikila kwa nguvu zote saa kumi mfululizo, haimalizi uniti moja.

Jambo la mwisho la ukaguzi, na hili ni zito. Kompyuta nyingine zilitoka kazini bila kufutwa kwenye orodha ya kampuni. Inawaka vizuri, unailipia, siku unaianza upya na kuiunganisha na intaneti inaleta jina la kampuni ya ng'ambo na kudai barua pepe ya mfanyakazi. Hapo umekwama. Kwa hiyo mwombe muuzaji aianze upya mbele yako, uiwashie hotspoti ya simu yako, uone inapita hadi mwisho. Na wakati wa kuwaka ingia kwenye mipangilio ya ndani (BIOS) kwa kubonyeza F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa ThinkPad. Ikikudai nywila ambayo muuzaji hana, mrudishie mashine yake kwa adabu, uondoke. Ukinunua, dai risiti ya EFD na aandike kwa mkono siku za kurudisha. Sisi tumepewa mwezi mmoja.

Kwa walio Arusha, ukaguzi ni huuhuu, na maduka kwenu ni mengi zaidi. Kwa wewe ambaye tayari una ya kizazi cha 6 na hela ya nyingine haipo, usiitupe. Mwambie fundi akuwekee SSD na Linux Mint, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, ni wa bure, na kwa kuandika barua, kuingia kwenye tovuti ya NECTA au kujaza fomu ya mkopo ya HESLB inafanya kazi vizuri. Na kama shida yako ni WhatsApp na YouTube peke yake, simu uliyonayo inatosha, hela hiyo lipia ada.

Ukifika dukani ukasita, nipigie picha ya ule ukurasa wa prosesa na ripoti ya betri, niwekee hapo chini pamoja na bei uliyotajiwa. Nipo hapa hadi Jumamosi jioni, nitazijibu zote kabla sijaenda KIA. Mama ananiita, ndizi zimeiva.