Tumbili wa Gitaru

Asanteni kwa kuja, na poleni kwa foleni ya Nyali. Nitaanza na tumbili.

Tarehe 7 Juni 2016, saa tano na dakika 29 asubuhi, tumbili alipanda paa la kituo cha umeme cha Gitaru, kule Mto Tana, akaangukia transfoma. Ikajizima. Mashine nyingine za pale zikaelemewa, nazo zikajizima. Zaidi ya megawati 180 zikatoweka, na nchi nzima ikakosa stima hadi alasiri. Tumbili mwenyewe alipona.

Mwaka ule kilele cha matumizi ya Kenya kilikaribia megawati 1,600. Mbona pengo la 180 lizime zote? Tumezoea kusema umeme umekwisha. Haukuwa umekwisha: maji yalikuwepo, mvuke wa ardhini wa Olkaria ulikuwepo. Kilichokosekana ni muda.

Ufikirieni mkokoteni wa Kongowea uliojaa viazi, watu kumi wanaupandisha mlima. Mmoja akiteleza, hausimami papo hapo, ila kasi inapungua. Wale tisa wakikaza haraka, safari inaendelea. Wakichelewa, mmoja anaona mgongo utakatika, anaachia. Wa pili naye anaachia. Kwenye gridi, yaani mtandao wa umeme wa nchi, kasi hiyo ndiyo hezi 50: umeme unapiga mizunguko 50 kwa sekunde. Mtambo mmoja ukitoka, rota za mingine, zile sehemu zake zinazozunguka, hufidia kwa nguvu iliyomo kwenye mzunguko wao, kwa sekunde chache tu, na lango la maji halifunguki kufumba na kufumbua. Ndiyo maana zimewekwa rilei, swichi zinazojiendesha, za kuzima baadhi ya mitaa hezi zikishuka, ili mingine ibaki. Kwa nini kila mara ni mtaa wenu? Hilo si la fizikia.

Utafiti wa leo unahangaikia zaidi upepo na jua. Kule Loiyangalani, karibu na Ziwa Turkana, kuna mitambo ya upepo 365, megawati 310, na laini ya zaidi ya kilomita 400 hadi kituo cha umeme cha Suswa. Mitambo ya namna hii hudhibitiwa kwa elektroniki, kwa hiyo uzito wa mapanga yake hauibebi gridi wenyewe kama rota ya Gitaru. Ni lazima elektroniki zifunzwe kufanya hivyo, au betri zisimame pengoni.

Sasa tuje nyumbani. Mota ya kinu cha posho ikiwashwa hunyonya mara tano hadi saba ya mkondo wake wa kawaida. Kama waya ni mrefu na mwembamba, volteji huanguka njiani, na friji la jirani linanguruma bila kuwaka. Jirani huilaumu friji.

Kipimio hiki nimekichomeka ukutani. Inatakiwa volti 240; kinasoma 231. Fundi, tafadhali washa grainda, iko kwenye waya huohuo. Tazameni tarakimu… 222. Haya, maswali.