Hiyo "M" Usiipige

Mazungumzo na vijana wa bendi, Kinondoni, Dar es Salaam

Shikamooni wakubwa mliokaa mbele. Wadogo zangu huko nyuma, mambo vipi. Nimeombwa nizungumzie tempo, yaani mwendo wa wimbo, kwa nusu saa. Ila mnatujua wapiga dramu, nusu saa yetu inaisha kwa dakika ishirini.

Nianze na aibu yangu. Nilikuwa na miaka 22, tunapiga harusi ukumbi mmoja upande wa Temeke. MC katangaza maharusi wanaingia, vigelegele, watu wamesimama juu ya viti, na mimi moyo unanidunda kuliko dramu. Nikagonga vijiti, moja mbili tatu nne, tukaingia. Wimbo ule mazoezini tulikuwa tunaupiga mapigo 96 kwa dakika. Baadaye nilipata mkanda wa mpiga picha nikaupima: niliuanzisha kwenye 110. Mwimbaji wetu alikuwa mtu mzima, mtaratibu. Kufika mstari wa pili akakosa pa kuvutia pumzi. Nyimbo zetu za dansi ni hadithi, mnajua, mtu anasimulia alivyodhulumiwa na shemeji, maneno mengi. Basi akawa anameza silabi za mwisho. Maharusi nao, waliofundishwa hatua za kuingia wiki nzima, wakawa kama wanawahi daladala la mwisho. Yule mzee mwimbaji akageuka. Usoni hakuniangalia. Aliangalia vijiti.

Ninachotaka mkione hapo ni kwamba kosa lilikwisha kufanyika kabla sijagusa ngoma yoyote. Siku hizi, kabla ya kugonga vijiti, naimba kimoyomoyo ule mstari wenye maneno mengi kuliko yote kwenye wimbo. Mdomo hauwezi kudanganya, maneno yasipoenea najua nimekimbia. Nikishaimba mstari mmoja ndipo nahesabu. Watu wakisubiri sekunde nne hawafi.

Na kuhesabu kwenyewe kuna mtego. Sema pamoja nami: moja, mbili, tatu, nne. Kiswahili kinaweka mkazo silabi ya pili kutoka mwisho. MO-ja. Pigo linakaa kwenye "mo", safi. Lakini mbili ni m-BI-li, pigo ni "bi". Ile "m" inatangulia, ipo kabla ya pigo. Halafu nne ni N-ne, pale pigo lipo kwenye "n" yenyewe. Sasa kijana mwenye haraka anagonga kijiti pale anapofungua mdomo. Anagonga kwenye "m". Pigo la pili linawahi, la tatu linafuata lilipoangukia la pili, na bendi nzima inaingia ikiwa imeshasukumwa. Nimewasikiliza wengi mno wakifanya hivyo, na mimi mwenyewe nikiwemo.

Mahali pengine tempo inapovuja ni kwenye rolu, ile mizunguko ya haraka ya ngoma kati ya sehemu na sehemu ya wimbo. Ukiwa unapiga mtindo wako wa kawaida, haihati (matoazi mawili yanayofungwa kwa mguu), sneya (ngoma ndogo yenye mlio mkali), dramu ya mguu, mkono una reli yake. Ikifika rolu unaacha reli, unazunguka ngoma zote, na kila mtu anakuangalia. Hapo wengi tunawahi kurudi. Tiba yake naijua moja tu: mguu. Mguu wa kushoto kwenye haihati usisimame hata mikono ikienda wapi. Ukiona huwezi kupiga rolu huku mguu unaendelea, rolu hiyo bado si yako. Iache nyumbani.

Hili hatukulizua sisi. Waliowahi kufuata mdundiko mtaani wanajua, wapigaji wanapiga huku wanatembea, na umati nyuma yao unatembea. Tempo imefungwa kwenye nyayo. Ukitaka kukimbia na ngoma, itabidi umati wote ukimbie. Bendi zetu ziliazima hata majina ya ngoma. Msondo, iliyoanza 1964 ikiitwa NUTA Jazz, ni jina la ngoma. Sikinde ya Mlimani Park ni ngoma ya Wazaramo. Jina tulilichukua, lakini miguu tukaisahau, maana siku hizi tumekaa kwenye kiti.

Nije kwenye chemko, au sebene kama mnavyopenda kusema. Wimbo wa dansi unaanza taratibu, halafu unachemka. Watu wanaochukia kusikia habari za tempo thabiti huwa wananijibu, "Kaka, mbona chemko lenyewe linapanda?" Linapanda, sawa, ila linapanda kwa makubaliano. Gitaa la solo linatoa ishara, besi anakutazama, mnaingia wote. Ubaya ni pale chemko linapokuja kimyakimya kuanzia ubeti wa kwanza. Mkifika kwenye chemko lenyewe, hamna pa kupandia. Mmeshafika dari, na mpiga tumba anatokwa jasho bure.

Sasa ukumbi. Bia na nyama choma chini ya makuti hazina shida, sauti inapotea hewani. Tatizo ni kumbi zenye ukuta mgumu nyuma ya watazamaji. Sauti inasafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Ukuta ukiwa mita 17 mbele yako, sneya yako inakwenda mita 17 na kurudi mita 17, ikikufikia sehemu moja ya kumi ya sekunde imepita. Wimbo wa mapigo 120 kwa dakika, kila pigo ni nusu sekunde. Robo ya pigo ni sekunde 0.125. Kwa hiyo mwangwi unakurudia karibu robo pigo baadaye, na masikio yanadhani ni mwenzako anapiga. Unamsubiri. Anachelewa tena, kwa sababu ni wewe. Hivyo ndivyo bendi nzuri inavyolala katikati ya wimbo bila mtu kujua nani kaanza kuburuza. Mwombe fundi mitambo akuwekee besi kwenye monita, ile spika inayokuelekea wewe, kaa karibu na mpiga besi, tazama vidole vyake. Ukuta usiusikilize.

Metronomu, kile kinachogonga mapigo sawasawa, nitaipitia haraka, ipo kwenye simu zenu. Ni kifaa cha tangu 1815, Mjerumani Maelzel alipokiandikisha kwa hataza. Tatizo lake ukiitegea kila pigo inakubeba kama mtoto mgongoni. Iweke kwenye 30, halafu piga wimbo wa 120. Kila mlio ni pigo la kwanza la bar, yaani fungu la mapigo manne, yale matatu yaliyobaki ni yako. Mara ya kwanza mtaona haya. Mimi nilidhani simu imeharibika.

Kuna kijana kaniuliza wakati wa chai kuhusu singeli. Singeli inapita mapigo 200, mdundo wake unatoka kwenye mashine, na mashine haikimbii wala haichoki, kwa hiyo anayepambana pale ni mwimbaji. Naipenda. Ila ukitaka kuipiga kwa mikono jukwaani, jifunze kwanza kuipiga kwa sauti ya chini. Wengi wetu tukiongeza sauti tunaongeza mwendo, tukipunguza sauti tunalegea, na kwenye 200 hakuna pa kujificha.

Yaliyobaki hayasemeki, yanapigwa. Wewe kijana wa fulana ya bluu, nimeona vijiti mfukoni tangu nimeanza kuongea, njoo hapa. Kaa. Usiguse ngoma. Imba kwanza kimoyomoyo mstari mmoja wa wimbo unaoupenda, sisi tutakusubiri. Umemaliza? Haya, hesabu kwa sauti, watu wa nyuma wakusikie. Na hiyo "m", usiipige.