Jinsi ya kuotesha tradeskantia ndani ya nyumba, ijae mpaka imwagike

Haya wapendwa karibuni, leo tunashughulika na huu mmea mnaouulizia kila siku, huu wa kuning'inia wenye majani ya zambarau na mistari ya fedha. Unaitwa tradeskantia, na hii ninayotumia ni aina ya zebrina, ukifika kwenye vitalu vya barabarani wauza maua wengi hawaujui kwa jina kwa hiyo we waonyeshe picha tu watakutolea. Asili yake ni Meksiko kushuka mpaka Kolombia, na kule unatambaa chini ya miti, unapata mwanga lakini jua kali haliufikii, hilo naomba mlishike maana ndio linaamua mmea wako utawekwa wapi.

Tunaanza na kukata. Vaa glavu kwanza kama ngozi yako ni nyepesi, utomvu wake unawasha baadhi ya watu, na wenye paka na mbwa ndani uning'inizeni juu wasikofika, wakiutafuna unawasumbua mdomo na tumbo, na hata wakiugusa tu unaweza kuwawasha ngozi. Mkasi ufute na spiriti.

Ngoja nisogeze kamera... hapo. Mnaona hapa jani linapolikumbatia shina pamevimba kidogo? Hicho ni kifundo. Kikunjue kidogo kigamba chake, hivi, mnaona hivi vinundu vyeupe vinachungulia, hiyo ni mizizi tayari, inasubiri unyevu tu. Kwa hiyo unakata chini ya kifundo, sio juu yake, uache kama nusu sentimita, kipande chako kiwe na vifundo vitatu au vinne, sentimita 10 hivi zinatosha kabisa. Kipande cha pingili, yaani shina la kati ya kifundo na kifundo, kisicho na kifundo chenyewe hakioti hata ukibembeleze vipi. Aliyewahi kupanda marando ya viazi vitamu hii kazi anaijua, ni mambo yale yale. Majani mawili ya chini yatoe, ya juu yaache.

Sasa kuna wanaoanzia kwenye maji na kuna wanaochomeka moja kwa moja kwenye udongo. Kwenye maji chukua glasi au kopo la kioo, maji yafunike vifundo vya chini tu, jani lolote likizama litaoza na maji yatanuka, badilisha kila baada ya siku tatu nne na uweke penye mwanga. Ndani ya wiki moja au mbili mizizi inakuwa imeshatoka, ikifika sentimita 3 hamishia kwenye udongo, usingoje ijae glasi nzima. Inapendeza kuangalia na watoto wanafurahi kweli, ila mimi nachomeka kwenye udongo toka mwanzo kwa sababu mizizi iliyozoea maji ikihamishwa mmea unanyong'onyea kwanza ndio unaamka, wa udongoni hauna huo usumbufu.

Udongo: makopo mawili ya udongo mweusi, moja la mchanga, moja la mboji au samadi iliyooza kabisa, nasema kabisa maana samadi mbichi itaunguza. Chungu kiwe na matundu chini, kama ni ndoo ya plastiki pasha msumari moto uitoboe, bila tundu maji yanatuama, mizizi inaoza na shina linalainika kuanzia chini.

Halafu hapa ndio watu wengi wanabania jamani, anachomeka kipande kimoja katikati ya chungu halafu anashangaa mbona haujai. Kipande kimoja kitakupa kamba moja mbili basi. Chungu cha upana wa sentimita 15 kiwekee vipande sita mpaka nane, vizungushe pembeni na kimoja viwili katikati, toboa kwa penseli, ingiza kifundo kimoja au viwili viwe ndani ya udongo, kandamiza kwa vidole, mwagia. Siku za mwanzo udongo uwe na unyevunyevu, usiwe tope.

Kuhusu rangi sasa. Ile zambarau inatokana na anthosayanini, kundi lile lile la rangi linaloyafanya maji ya choya yawe mekundu, na mmea huu unahitaji mwanga wa kutosha kuitengeneza. Ukiuweka kona ya sebule mbali na dirisha mistari inafifia, majani yanarudi kijani kilichopauka, na pingili zinarefuka unatafuta mwanga. Usogeze karibu na dirisha lenye pazia jepesi, au barazani penye kivuli. Ila majani mapya ndio yatatoka na rangi, hayo ya zamani usiyategemee. Na dirisha la magharibi lisilo na pazia, jua la saa tisa linababua ncha zinakuwa kahawia.

Kumwagilia usiende kwa kalenda, zamisha kidole, ukikuta pamekauka mpaka pingili ya kwanza ya kidole mwagia hadi maji yatoke chini, halafu kisahani ukimwage. Ukiwa chini ya feni au kiyoyozi unakauka haraka, uangalie mara nyingi zaidi. Mbolea kidogo mara moja kwa mwezi inatosha.

Na sasa mkasi tena. Huu mmea kadiri unavyozeeka unapata kipara juu, majani yanabaki ncha tu, chini kunaning'inia kamba tupu, na wengi wakiona hivyo wanaona umekufa wanautupa. Haujafa! Kata hizo ncha nzuri, zichomeke humo humo kwenye chungu pale penye kipara, na lile shina tupu likunje ulilaze juu ya udongo ulibane na kipande cha waya, kila kifundo kinachogusa udongo kinaweza kuotea hapo. Ukikata ncha, shina nalo linatoa machipukizi pembeni. Fanya hivyo kila unapoona panaanza kuachia nafasi.

Mabaki msiyatupe mtoni, mtaroni wala kwenye kichaka cha jirani, maana kipande kidogo chenye kifundo kinaota na kufunika ardhi, Afrika Kusini umewekwa kwenye orodha ya mimea vamizi kwa sababu hiyo hiyo. Yaanike juani mpaka yakauke kabisa, ndio uyatupe na taka nyingine.