Mnakaribiana: Hesabu ya Dereva Anayetaka Kupita

Jambo hili nimelisema madarasani, nimelisema stendi, na leo nalisema tena kwa sababu bado nasikia dereva akitamka, "Lile basi liko mbali, bado linakuja." Linakuja! Na wewe je, umeegesha? Kiswahili kimeshatupa neno sahihi: mnakaribiana. Hiyo "-ana" ndiyo somo zima la leo. Kila mmoja anakula sehemu yake ya barabara, kwa hiyo mwendo wako na mwendo wake vinajumlishwa.

Niwape safari moja. Tulikuwa tunatoka Iringa, tumeshapita Ruaha Mbuyuni, nimekaa siti ya mbele. Mbele yetu semitrela lenye shehena ya mbao, linakwenda kama 60. Sisi tuko 80, ndio ukomo wa basi kisheria. Dereva akachungulia, akawasha indiketa, akatoka. Mimi nikakazia macho mshale wa sekunde kwenye saa yangu. Jirani yangu, mama mwenye mfuko wa vitunguu miguuni, alikuwa anamenya karanga. Sekunde ya nne, bado tuko usawa wa matairi ya nyuma ya trela. Sekunde ya nane, mama ameacha kumenya, ameshika chuma cha siti kwa mikono miwili. Tulirudi upande wetu sekunde ya kumi na mbili, na basi lililotoka mbele likapita kwa kishindo, mapazia yakavutwa nje ya madirisha.

Sasa tuhesabu, taratibu. Dhidi ya lile trela, kasi yetu haikuwa 80. Ilikuwa 80 kutoa 60, yaani 20 tu, sawa na mita 5.6 kwa sekunde. Basi mita 12, trela mita 17, weka nafasi ya mita 20 nyuma na 20 mbele: karibu mita 70. Hizo zinahitaji sekunde 12 na nusu hivi. Lakini dhidi ya basi la mbele, naye akiwa 80, kasi yetu ilikuwa 160, yaani mita 44 kila sekunde. Zidisha: mita 560. Zaidi ya nusu kilomita inamezwa wakati wewe unapita gari moja! Dereva yule yule, dakika ile ile, ana kasi 20 kwa huyu na 160 kwa yule, na spidomita yake inamwonyesha 80 tu.

Na macho hayasaidii. Hapa naomba mnisikilize sana. Basi lililo mita 560 mbele litaonekana kubwa maradufu likifika mita 280. Hiyo inachukua sekunde 6 na ushee, kwa hiyo unaliona kama limetulia pale pale. Maradufu ya pili, kutoka 280 hadi 140, ni sekunde 3. Ya tatu ni sekunde moja na nusu. Ndiyo maana madereva waliopona husema, "Lilitokea ghafla." Halikutokea ghafla. Lilikuwa linaongeza ukubwa tangu mwanzo, ila jicho hulishtukia mwishoni, wakati ubavuni una trela na huna pa kuingia.

Kuna atakayesema, "Mwalimu, basi niongeze mwendo nimalize haraka." Kwenye karatasi ni kweli: ukiwa 100, unapita kwa sekunde 6 na kidogo, na unahitaji kama mita 315. Lakini sheria inakuzuia, na basi lililojaa abiria na mizigo halitoki 80 hadi 100 kwa kukanyaga mara moja. Ile nafasi uliyotarajia kuiokoa unaila ukiwa bado unachanganya gia.

Mwingine atasema kugongana uso kwa uso kwa 80 na 80 ni sawa na kugonga ukuta kwa 160. Hili hata walimu wenzangu wanalikosea. Magari mawili ya uzito sawa, kila moja linatoka 80 hadi sifuri, sawa na kugonga ukuta imara kwa 80. Ile 160 imegawanywa nusu kwa nusu. Uzito ukitofautiana, mgawo unakuwa wa kikatili. Lori la tani 12 na gari dogo la tani moja, yakigongana na kukwama pamoja, yanaendelea upande wa lori kwa karibu 68. Lori limepoteza 12 tu. Gari dogo limetoka 80 kwenda mbele, likarudishwa nyuma kwa 68: badiliko la 148 ndani ya kufumba na kufumbua. Aliyebeba mzigo huo ni baba na watoto wake waliokuwa kwenye gari dogo.

Naambiwa muda unaisha. Nilitaka kufika kwenye treni za njia moja, na kwenye mwanga, ambako Einstein mwaka 1905 alionyesha kujumlisha huku hakufai tena, lakini tuache. Nimalize na usiku. Gari lina taa mbili, na jicho linapima umbali kwa jinsi taa hizo zinavyoachana. Bodaboda ina taa moja. Haina cha kuachana nacho, ni nukta tu, na nukta ya mita 500 inafanana sana na nukta ya mita 200. Ukiiona nukta moja mbele yako usiku, kaa nyuma ya trela.