Kipande cha Reli Kwenye Mwembe

[Muziki unafifia]

DAMA: Hamjambo wapenzi wasikilizaji. Sauti imenikauka, mniwie radhi. Juzi nimeshinda ofisini kwa paroko, vumbi la makabati yote limeniishia kooni.

MWAKIO: Pole, dadangu. Ile kazi ya jubilei?

DAMA: Ndiyo hiyo. Paroko kanipa niandike historia ya kanisa letu, basi nikavuka feri alfajiri. Nikatolewa daftari la ubatizo la kwanza kabisa. Kona moja mchwa wameila, wino umefifia ukawa rangi ya chai. Nambari moja: jina la mtoto, baba, mama, msimamizi, padre. Ukingoni pameongezwa kipaimara, halafu ndoa, kwa mwandiko wa mtu mwingine. Maisha ya mtu yote kwenye mstari mmoja, Mwakio. Nilitulia tuli.

MWAKIO: Kanisa linadai kila parokia itunze hayo. Ubatizo, ndoa, marehemu.

DAMA: Sasa sikia. Kwenye safu ya wasimamizi kuna mama mmoja. Nafunua ukurasa, yumo. Nafunua mwingine, yumo. Nikamuuliza mzee mmoja wa jumuiya yetu, akasema huyo alikuwa mke wa katekista, mwalimu wa dini. Ndiye aliyekuwa akigonga kipande cha reli kuwaita watu kusali.

MWAKIO: Ile reli ya kwenye mwembe?

DAMA: Hiyo hiyo! Nimeirekodi.

[Ng'aa. Ng'aa. Ng'aa.]

MWAKIO: Subhana! Kumbe inalia hivyo? Nilidhani ni bati tu. Rudisha.

[Ng'aa.]

DAMA: Imefungwa kwa mnyororo, yagongwa kwa boliti kubwa ya chuma. Nayo hupakwa rangi nyeupe kila Krismasi.

MWAKIO: Ngoja, ngoja. Baba yangu alifanya kazi kwenye reli. Pande la reli huwa na maandishi ubavuni, yameinuka, hayakuchongwa: kiwanda na mwaka. Uliangalia?

DAMA: Nilipanda kwenye benchi nikapapasa kwa kidole. Nimepata mwanzo wa mwaka tu, moja na tisa. Zilizobaki zimezama kwenye rangi.

MWAKIO: Basi huenda si ile ya kwanza kabisa. Ujenzi ulianza hapa Mombasa 1896, ukafika Kisumu 1901. Labda ni ya matengenezo ya baadaye. Dama, hiyo rangi ikikwanguliwa kidogo tu...

DAMA: Hakwangui mtu. Rangi ile ni Krismasi za watu.

MWAKIO: Kwa kisu kidogo, polepole.

DAMA: Hata kwa ukucha! Turudi kwenye historia. Jubilei inahesabu tangu siku kigango chetu, kanisa dogo chini ya parokia nyingine, kilipofanywa parokia. Mimi nasema hapana. Kanisa lilianza siku ile mama alipoigonga reli mara ya kwanza, watu wakaja wakakaa chini ya mwembe.

MWAKIO: Hapo sikubaliani nawe. Parokia haiundwi na mwembe, yaundwa na askofu. Kabla ya hapo mlikuwa kigango, na watoto wenu waliandikwa kwenye daftari la parokia mama.

DAMA: Jimbo la Mombasa lenyewe ni la 1955, na jimbo kuu ni 1990. Kanisa la Holy Ghost pale Nkrumah Road ilikuwa imesimama toka mwanzoni mwa miaka ya 1920. Waliosali mle walikuwa wageni?

MWAKIO: Walikuwa chini ya Zanzibar. Askofu walikuwa naye. Na ukihesabu sala ya kwanza, utafika hadi kwa Wareno. Mapadre Waagustino walikuwa hapa kabla ya 1600. Nenda Fort Jesus, magofu ya kanisa yako humo ndani. Tuanzie hapo?

DAMA: Ule uzi ulikatika. Mwaka 1631 Yusuf bin Hasan aliiteka ngome, Wakristo wakauawa. Wareno wakarudi, na 1698 Waomani wakawatoa. Hakuna Mreno aliyembatiza bibi yangu. Yule mama wa reli ndiye aliyemshika mikononi, jina lake nimelisoma mwenyewe!

MWAKIO: Namheshimu sana. Lakini tarehe ya jubilei yataka barua ya askofu ya kuunda parokia.

DAMA: Na barua ilifuata watu. Angekosekana wa kugonga, askofu angemwandikia nani?

MWAKIO: Watu wakusanyika hata sokoni, Dama.

DAMA: Sokoni hawakutani wakapiga magoti.

[Kimya]

MWAKIO: Mimi nasimama kwenye barua.

DAMA: Nami kwenye mwembe. Na ndivyo nitakavyoandika, paroko asahihishe akitaka.

MWAKIO: Haya. Ulikuwa na mambo matatu ya kuwaelekeza wanaotaka kuandika historia za vigango vyao.

DAMA: Saa ngapi? Aa, mazoezi ya kwaya yanaanza sasa hivi. La kwanza lilikuwa waulizeni wazee mapema, wangali hai. Mengine wiki ijayo, Mungu akipenda.

MWAKIO: Jumapili nakuja huko kwenu. Nitabeba karatasi nyembamba na penseli. Naiweka juu ya reli, nasugua taratibu, maandishi yajitokeze. Rangi haiguswi.

DAMA: Kwa penseli, njoo. Misa ya kwanza ni saa moja.

MWAKIO: Nitajuaje sijachelewa?

DAMA: Ukishuka feri utaisikia.

[Ng'aa. Ng'aa.]