Timu haifi kwa kupigwa

Mhadhara uliotolewa mbele ya jumuiya ya Waswahili magharibi mwa Melbourne, baada ya msimu wa 2025

Shikamooni wazee wangu. Na nyinyi wengine, habari za jioni. Mratibu amenipa dakika 30 na tayari ananitolea macho, maana mara ya mwisho nilikula saa nzima na pilau ikapoa. Leo nitajitahidi. Kuahidi siahidi.

Mnajua nimekuja kusema nini. Kila nikishika kipaza sauti ni North Melbourne, North Melbourne, klabu yetu ya mpira wa Kiaustralia kwenye ligi ya AFL, mpaka nyumbani wananiita Bwana Kangaruu, kwa jina la utani la klabu. Haya, Bwana Kangaruu amekuja.

Matokeo sitayasoma yote, yanauma. 2021 tulishika mkia. 2022 tukaushika tena, msimu mzima tumeshinda mara 2. 2023 mara 3, 2024 mara 3. Mwaka huu tumeshinda mara 5, tukatoka sare na Brisbane ambao ndio mabingwa wenyewe, tukamaliza wa 16 kati ya timu 18, na kuna watu walisherehekea. Mimi nikiwemo.

Sasa kaa na mashabiki popote, kwenye treni, kwa kinyozi, nje ya uwanja mvua ikinyesha, utasikia kambi tatu. Ya kwanza inataka kocha aondoke. Ya pili inasema Melbourne ina timu nyingi mno, moja ihame. Ya tatu inajiona ina hekima kuliko zote: tuungane na wenzetu, tugawane gharama. Nimebishana na kambi zote tatu, na leo narudia tena. Mimi ni mtu wa Tanga, wana Coastal Union tulichukua ubingwa wa Tanzania 1988 na mpaka leo tunasubiri wa pili. Mtu wa namna hiyo humtishi kwa miaka mitano ya vichapo.

Timu haifi kwa kupigwa. Inakufa siku uamuzi wake ukitoka mikononi mwa wenye kadi, yaani wanachama. Na mnaponiona napiga kelele za kadi, sikulipwa na mtu. Nina ushahidi, na ushahidi wangu mzuri kuliko wote hata si wa North. Ni wa Hawthorn, klabu nyingine ya hapa mjini, 1996. Najua mmeshausikia. Mtausikia tena.

Mwaka ule ligi ilikuwa inatafuta klabu za kuunganisha, na kulikuwa na fungu la pesa kwa watakaokubali. Klabu inayoitwa Melbourne, kama jina la mji, na Hawthorn wakakaa mezani. Viongozi wa pande zote mbili wakaelewana. Jina likapatikana, Melbourne Hawks. Jezi ikashonwa: nyekundu na buluu ya Melbourne, juu yake mwewe wa dhahabu wa Hawthorn. Wataalamu wa hesabu wakasema hakuna njia nyingine. Kilichobaki ni wanachama tu, na wanachama, mnajua, viongozi huwaona kama muhuri, unagongwa mwishoni.

Usiku wa mwezi wa Septemba wakaitwa kwenye mikutano miwili, kila klabu na ukumbi wake. Kwa Hawthorn watu wamejaa, wamekasirika. Akasimama Don Scott, nahodha wao wa zamani, mtu mrefu, amekwishapata ubingwa mara tatu. Mkononi ana ile jezi mpya. Hakuhutubia sana. Aliinyanyua wote waione, akamshika yule mwewe, akavuta. Kraaa! Mwewe alikuwa ameshikizwa kwa velkro, ule utepe wa kunata na kubandua. Akambandua mbele ya ukumbi mzima, na jezi iliyobaki mkononi ilikuwa jezi ya Melbourne, tupu, haina hata unyoya wa Hawthorn.

Subirini, nimeshaona mtu anaangalia simu. Hebu tazama alichofanya. Hakuleta hesabu. Wenye hesabu walikuwa upande wa pili, na hesabu zao zilikuwa za kweli, Hawthorn ilikuwa na hali mbaya ya pesa. Alichoonyesha ni nani anammeza nani. Mtu wa kawaida asiyeweza kusoma mizania ya klabu anaweza kusoma jezi. Wanachama wa Melbourne walipiga kura ya ndiyo, kwa tofauti ndogo. Wa Hawthorn wakasema hapana, ikafia hapo. Karatasi zote za wataalamu zikageuka za kufungia karanga.

Na Hawthorn iliyotakiwa kufa? Ubingwa 2008. Ubingwa 2013, 2014, 2015, mfululizo. Aliyewafundisha mara zote nne anaitwa Alastair Clarkson. Leo Clarkson yuko wapi? Yuko kwetu! Ndiye kocha mnayetaka afukuzwe. Na kuna kichekesho humo ndani: mwaka ule wa 1996 Clarkson alikuwa mchezaji wa Melbourne, ametoka kwetu North alikocheza karibu miaka kumi. Angalau yeye anajua klabu inavyonusa harufu ya kaburi na kurudi nyumbani. Kwa hiyo kambi ya kwanza nimewajibu. Kocha mwacheni.

Kambi ya pili, ya kuhama. Hapa nawajibu kwa historia yetu wenyewe, maana tumeshahama nusu nusu mara nyingi kuliko daladala inayotafuta abiria. Mechi za nyumbani tumezipeleka Canberra. Tumezipeleka Sydney. Tumezipeleka Gold Coast, tumezipeleka Hobart miaka na miaka, na mwaka huu tumezipeleka Australia Magharibi. Tangu 1999 mpaka 2007 tulifuta hata jina la mtaa, tukajiita Kangaroos tu, ati tupate mashabiki nchi nzima. Nchi nzima haikuja. Na wa mtaani wakaanza kuuliza, kwani sisi ni nani?

Ikafika Desemba 2007. Ligi imeweka mezani kuhamia Gold Coast moja kwa moja, na pesa iliyotajwa ni kama dola milioni 100. Milioni 100, ndugu zangu, kwa klabu iliyokuwa inahesabu senti za kulipia taa! Mashabiki wakajipanga, wakapiga simu, wakaandamana kwa maneno na kwa miguu, na tarehe 6 bodi ikasema hapana. James Brayshaw akashika uenyekiti, jina la North Melbourne likarudi. Wajuaji wakasema tumejiua. Ligi ikaanzisha timu yake mpya huko Gold Coast, ikaingia 2011, ikamwagiwa kila kitu, vijana bora, pesa, uwanja. Mnajua ilifika hatua ya mtoano ya mwisho wa msimu lini? Mwaka huu. Msimu wa 15. Sisi tuliokataa tulicheza nusu fainali 2014 na 2015. Huyo ndiye dhahabu mliyotaka tuolewe naye.

Najua kuna mtu hapo nyuma ana swali, kwa kuwa kila mara lipo. "Mzee, mbona fainali ya 2024 ilikuwa Brisbane na Sydney?" Swali zuri, nalichukia. Ni kweli. Sydney ni South Melbourne iliyohamishwa 1982. Brisbane Lions wamebeba mabaki ya Fitzroy, klabu ya hapa hapa Melbourne yenye mataji 8, iliyocheza mechi yake ya mwisho Septemba 1996. Wahamiaji wawili wamejaza uwanja wa MCG, Brisbane wakashinda kwa pointi 60, na mwaka huu wakachukua tena. Kuhama kunalipa, si ndiyo?

Nina jirani, mzee wa Kiaustralia, Fitzroy damu. Siku ile ya fainali ya 2024 aliniita nikaangalie kwake. Nikamkuta ameweka skafu ya zamani, nyekundu, buluu na dhahabu, juu ya mkono wa kochi. Hakuivaa. Imekaa pale kama mgeni wa tatu. Brisbane wanafunga, mimi nashangilia kwa ajili yake, yeye anatikisa kichwa taratibu, anakunywa chai yake. Kipenga cha mwisho kimelia, wachezaji wanalia kwa furaha, nikamwambia hongera mzee. Akasema asante. Kisha akaikunja ile skafu, kona kwa kona, kama mtu anavyokunja kanga ya marehemu mama yake, akairudisha kwenye droo. Akaniuliza kama mechi ya North inayofuata naenda na nani.

Sasa wewe wa swali, niambie huyo mzee umeshampatia nini. Timu ilipona. Yeye hakupelekwa nayo.

Na mwingine atasema, lakini wewe mwenyewe umehama, umetoka Tanga umekuja kuishi na baridi hii. Sawa. Mimi nilihama kwa miguu yangu. Tofauti na klabu, klabu inahamishwa na saini ya mtu ambaye Jumamosi hakai nawe kwenye mvua.

Tena kabla sijasahau, maana watu wa North wanapenda kujifanya wanyonge. Mwaka ule ule wa 1996 sisi ndio tulikuwa mlangoni kwa Fitzroy na posa! Tulitaka kuungana nao, na klabu nyingine zikatukatalia, zikaogopa tutakuwa na nguvu mno, zikawapa Brisbane. Tungefanikiwa, leo mimi ningekuwa nimekaa kwenye kochi na kula jasho la jirani yangu. Kwa hiyo kambi ya tatu, ya kuungana, mniwie radhi, sitawajibu zaidi. Rudini kwa Don Scott.

Kwa nini kadi, basi? Kwa sababu tulishawahi kuichezea. Miaka ya 1980 North iliuza hisa kwa umma. Ilionekana akili nyingi. Muda si muda watu wa Carlton, watani wetu, wakawa wanazinyemelea hisa zile ili watumeze. Wana Simba mliokesha na kelele za 49 na 51, asilimia za mwekezaji na za wanachama, mnanielewa bila tafsiri. Baada ya vita ya 2007 klabu ikarudi kwa wanachama, na leo wenye kadi wamevuka 50,000, kwa timu inayoshinda mara tatu kwa mwaka! Madeni tumelipa. Na mashine za kamari, zile ambazo klabu nyingi za mji huu zilitegemea, sisi tuliachana nazo 2008. Nani alifanya hayo, kocha?

Dakika ngapi? Saba. Haya, haraka.

Arden Street, makao ya klabu yetu. Mnajua jina la zamani la watu wa North, Shinboners, watu wa mifupa ya muundi. Inasimuliwa kwamba wachinjaji wa mitaa ile walikuwa wakitundika madukani mifupa ya miguu ya ng'ombe, wameifunga utepe wa buluu na mweupe. Mfupa ule ungeutundika wapi Gold Coast, duka la miwani ya jua? Kutoka pale uwanjani mpaka maghorofa ya serikali ya Alfred Street unatembea tu, na ndani ya maghorofa yale wameishi ndugu zetu, mnawajua kwa majina. Tangu 2010 klabu ina kituo pale Arden Street, kinaitwa The Huddle, kwa vijana wa wahamiaji na wakimbizi. Binti yangu alifanyia kazi za shule pale, jioni baada ya jioni, nami nilikuwa namsubiri nje kwenye gari nikisikiliza redio. Ndivyo nilivyoanza. Sikuanza kwa ubingwa.

Majak Daw, mzaliwa wa Khartoum, Msudani wa kwanza kucheza ligi hii, alivaa jezi yetu 2013. Aliir Aliir yule wa Port Adelaide amezaliwa Kakuma, Kenya, na wapo humu ndani waliozaliwa Kakuma. Nilikuwa na mengi ya kusema hapo, mratibu ananikata.

Wanawake! Nilitaka kuanza nao, angalia sasa. Timu ya wanawake ya North ni mabingwa wa 2024 na 2025, misimu miwili hawajapoteza hata mechi moja. Jengo lile lile, rangi zile zile, kadi ile ile. Mnaosema klabu hii haijui kushinda, mnaangalia mlango mmoja wa nyumba yenye milango miwili. Mwakani nitawazungumzia wao peke yao, saa nzima, na pilau mtaila kwanza.

Kuhusu mfumo wa kuchagua vijana, na yule kijana tuliyemchagua wa kwanza 2021 akakaa msimu mmoja akaondoka, nimeruka. Njooni mezani tubishane.

Kwenye meza ile, karibu na birika la chai, nimeweka fomu za uanachama. Ya familia ipo, ya mwanafunzi ipo, na ya mtoto ni nafuu. Kalamu zipo tatu. Mwaka jana nilileta sita.